Xeon ya mtumba au Core ya kawaida: jinsi ya kuzipima kabla hujatoa pesa

Kwenye maduka ya kompyuta ya Kisumu, Kakamega na Nakuru hukosi kuona HP Z440, HP Z240 au Dell Precision T5810 zilizotumika Ulaya, zimepangwa kando ya kompyuta za kawaida za ofisi. Muuzaji anaonyesha stika ya Xeon (prosesa za Intel za mashine za kazi nzito, ilhali Core ni zile za kompyuta za kawaida), anakwambia mashine hii ni ya kazi nzito na haiwezi kukuangusha, na bei inapandia hapo. Stika hiyo peke yake haithibitishi lolote. Kasi inategemea kizazi cha prosesa na aina ya kazi utakayoipa. Uimara nao hautoki sana kwenye prosesa, kwa sababu prosesa ni nadra kufa. Vinavyokufa ni pawasaplai, feni, diski na RAM, na hapo ndipo mashine za kazi nzito hutengenezwa vizuri kuliko za kawaida. Karibu yote haya yanapimika dukani kwa muda wa saa mbili hivi, isipokuwa RAM, ambayo huenda ikahitaji usiku mzima. Muuzaji anayekataa upime mashine yake, muage uende duka jingine.

Enda na flash mbili. Ya kwanza iwe na Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux) inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye flash, ya pili iwe na MemTest86, programu ya kupima RAM, ambayo toleo lake la bure linatosha. Beba pia faili moja ya kazi yako halisi na kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi. Kama huna kipima wati, azima kwa fundi wa stima au wa sola.

Soma jina lote la prosesa

Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Performance. Kwenye Ubuntu fungua Terminal uandike lscpu. Andika jina lote kwenye karatasi, pamoja na herufi na tarakimu za mwisho.

Kwa familia ya Xeon E5, kizazi kimo kwenye hiyo v ya mwisho. E5-1620 isiyo na v ni ya 2012, v3 ni za 2014, na v4 ni za 2016. Mpaka mkubwa uko kati ya v2 na v3. Kuanzia v3 prosesa ina maagizo ya AVX2, ambayo programu nyingi za sasa za video, picha na mahesabu huyategemea. Kwenye v2 nyingine hujikokota na nyingine hukataa kufunguka kabisa. Pia v1 na v2 hukaa kwenye soketi ya LGA 2011 na hutumia RAM ya DDR3, ilhali v3 na v4 hukaa kwenye LGA 2011-3 na DDR4. Usinunue HP Z420, ambayo ni ya v1 na v2, ukidhani siku moja utaitia v4. Haiwezekani.

Familia ya E3 ndiyo inayowachanganya wanunuzi zaidi. Xeon E3-1231 v3 na Core i7-4790 zimetoka kwenye muundo uleule wa Haswell: kori 4 (vitengo vya kufanya hesabu), nyuzi 8 (kazi zinazoendeshwa kwa wakati mmoja), kashe (hifadhi ndogo ya haraka) ya 8MB. Xeon inakwenda 3.4 hadi 3.8 GHz, i7 inakwenda 3.6 hadi 4.0, kwa hiyo i7 ndiyo inayotangulia kidogo. Cha ziada kwenye E3 ni kwamba inakubali RAM ya ECC, inayojisahihisha makosa madogo. Ukiifunga kwenye madabodi ya kawaida ya H81 au B85 itawaka, lakini ECC haitafanya kazi, na kwa kuwa E3-1231 v3 haina grafiki ya ndani utalazimika kununua kadi. E3 za v5 ni kali zaidi: zinataka chipseti ya C232 au C236, na kwenye madabodi ya H110 hazitawaka.

Fungua pia CPU-Z, programu ya Windows inayoonyesha taarifa za prosesa. Ikionyesha ES kando ya jina, au kifuniko cha chuma kimeandikwa "INTEL CONFIDENTIAL", hiyo ni sampuli ya majaribio waliyopewa watengenezaji. Iache, hata bei iwe tamu namna gani.

Halafu kuna suala la Windows. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Core i5-8500 ya 2018 imo kwenye orodha. E5 zote hadi v4 hazimo, na i7-4790 haimo. Kwa anayetumia Linux hili si tatizo, na Xeon hizi hufanya kazi vizuri sana na Ubuntu au Debian. Kwa ofisi ya uhasibu inayotaka Windows yenye masasisho ya usalama, jambo hili linamaliza mjadala kabla hata ya kupima kasi.

Kasi: pima kori moja, kisha zote

Kuna kazi zinazosubiri kori moja na kuna kazi zinazogawanywa kwa kori zote. AutoCAD, sehemu kubwa ya Revit, Excel na programu nyingi za uhasibu husubiri kori moja. Kutoa picha za Blender, kubana mafaili, kuendesha kompyuta pepe kadhaa na kuchakata ramani nyingi kwa mpigo hutumia kori zote. Kama hujui kazi yako iko upande gani, ifanye kwenye kompyuta uliyonayo huku ukitazama grafu za kori kwenye Task Manager. Kori moja ikipanda juu na nyingine zikilala, umejua.

Mfano wa prosesa mbili unazoweza kuzikuta kwenye mtaa mmoja: Xeon E5-2680 v4 ina kori 14 na nyuzi 28, kwa 2.4 hadi 3.3 GHz. Core i5-12400 ya 2022 ina kori 6 na nyuzi 12, na hufika 4.4 GHz. Kori zote zikifanya kazi, hizi mbili hukaribiana. Kwa kori moja, i5 ina kasi inayokaribia maradufu. Mchoraji wa nyumba anayenunua ile ya kori 14 kwa sababu ya wingi wa kori atakaa akiitazama kishale ikizunguka. Na E5-1620 v3, ambayo ndiyo imo kwenye Z440 nyingi za bei ya chini, ina kori 4 tu. I5-12400 inaishinda mbali pande zote mbili.

Njia rahisi ya kupima ni 7-Zip, programu ya kubana mafaili. Kwenye menyu yake ya Tools kuna Benchmark. Weka idadi ya nyuzi iwe 1, uache izunguke mara kadhaa, kisha weka nyuzi zote. Kwa wanaopenda kuandika amri:

7z b -mmt1
7z b

Soma safu ya Rating kwenye mstari wa mwisho. Tumia toleo lilelile la 7-Zip kwenye kila mashine, la sivyo unalinganisha programu badala ya prosesa. Kwa Windows ongeza Cinebench R23, programu ya kupima kasi, ambayo jaribio lake la kori zote huchukua dakika 10. Dakika hizo ni muhimu, na sababu yake itaonekana kwenye sehemu ya joto.

Kipimo cha mwisho ni faili yako. Ifanyie kazi ileile mara tatu, upime kwa saa ya simu, utupe matokeo ya kwanza kwa sababu diski huwa bado haijapasha kashe, kisha uchukue wastani wa mawili yaliyobaki. Kwa studio za video za harusi, mazishi na nyimbo za injili, hapa ndipo Xeon kubwa huanguka. Prosesa za Core zenye grafiki ya ndani zina Quick Sync, sakiti maalumu ya kufungua na kufunga video za H.264 na H.265. Xeon E5 haina. Ukiifungulia Premiere video ya 4K kutoka kwenye kamera, i5-12400 itaicheza bila kukwama, huku E5 isiyo na kadi nzuri ya grafiki ikikata picha hata ikiwa na kori 14. Angalia tu isiwe i5-12400F, maana herufi F inamaanisha grafiki ya ndani haipo.

Kuna kasi ambayo wauzaji hupoteza bila kujua. Xeon E5 ina chaneli nne za RAM, lakini mara nyingi utaikuta na kipande kimoja cha 16GB. Kila chaneli ya DDR4-2133 hupitisha takriban GB 17 kwa sekunde. Nne hupitisha 68. Kipande kimoja kinaiacha mashine na robo ya uwezo wake. i5-12400 yenye vipande viwili vya DDR4-3200 hufika 51. Kwa hiyo kabla hujailaumu Xeon, taka iwe na vipande vinne vinavyolingana, kila kimoja kwenye chaneli yake. Mpangilio wa nafasi umechorwa kwenye kifuniko cha ubavuni au kwenye kitabu cha mashine. Vipande vinne vikiwa ndani na BIOS (programu ya madabodi inayoiwasha mashine) ikahesabu vitatu, mara nyingi prosesa haikukaa sawa au kuna pini iliyopinda kwenye soketi. Usinunue hadi fundi afungue na uone pini kwa tochi.

Joto la mchana wa Kisumu

Pima alasiri. Mashine iliyofaulu saa mbili asubuhi inaweza kushindwa saa tisa mchana chini ya paa la mabati. Nakuru, iliyo karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Eldoret iliyo juu zaidi, kuna baridi lakini hewa ni nyepesi na hubeba joto kidogo. HP huweka kikomo cha mashine zake za Z kuwa nyuzijoto 35 za chumbani, na hupunguza nyuzijoto 1 kwa kila mita 305 juu ya mita 1,524.

Kwenye Windows washa HWiNFO64 (inayoonyesha joto na kasi) kisha Prime95 (inayoibana prosesa) kwa chaguo la Small FFTs, au kwenye Ubuntu uliyokwisha kuisakinishia stress-ng:

stress-ng --cpu 0 --verify --metrics-brief --timeout 30m

Tazama vitu vitatu: joto, GHz, na mstari wa Thermal Throttling. Andika GHz ya dakika ya 1 na ya dakika ya 30. Neno Yes kwenye Thermal Throttling maana yake prosesa inajipunguza kasi ili isiungue. Kwenye mashine ya mtumba sababu huwa mbili: pesti ya joto imekauka ikawa kama chokaa, na mapezi ya kipozeo yamezibwa na vumbi, na kwa Kisumu, mabaki ya wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku. Peperusha, safisha kwa spiriti, paka pesti mpya ya ukubwa wa punje ya dengu, rudia jaribio. Ikiendelea, feni au kipozeo si cha mashine hiyo. E5-1620 v3 na E5-1650 v3 hula hadi wati 140, na kipozeo cha kompyuta ya ofisi hakiziwezi.

Core za kawaida zina hila yao. i5-12400 huruhusiwa wati 117 kwa nusu dakika hivi, kisha hushuka hadi 65. Kipimo kifupi hukuonyesha ile kasi ya mwanzo tu. Ndiyo sababu ya kungoja dakika 10 za Cinebench, na ndiyo sababu mashine ya kazi nzito yenye namba ndogo mwanzoni inaweza kuwa haijashuka hata kidogo baada ya nusu saa.

Prime95 ikikuandikia "Rounding was 0.5, expected less than 0.4", acha yote. Mashine imekosea hesabu. Inaweza kuwa RAM, volti au prosesa, lakini si mashine ya kuwekea hesabu za watu.

Wanaonunua mpya wawe waangalifu na Core za kizazi cha 13 na 14 zenye nguvu, mfano i9-13900K na i9-14900K. Mwaka 2024 Intel ilikiri kuwa nyingi zilikuwa zikipewa volti ya juu kupita kiasi na kuharibika polepole, ikatoa maikrokodi (programu ndogo ya ndani ya prosesa) 0x12B mwezi Septemba na kuongeza dhamana kwa miaka 2. Hakikisha BIOS ina toleo hilo au jipya zaidi. Prosesa iliyokwisha kuumia haiponywi na sasisho, kwa hiyo kizazi hicho usikinunue mtumba bila kukibana kwa jaribio la nusu saa.

ECC: hapa ndipo thamani ya Xeon ilipo

RAM ya kawaida hutunza biti 64 kwa mpigo. RAM ya ECC hutunza 72, na zile 8 za ziada hutumika kugundua na kusahihisha biti moja iliyogeuka, na kugundua mbili. Kwenye kipande chenyewe, hesabu chipu nyeusi za upande mmoja: kwa kawaida 8 ni RAM ya kawaida, 9 ni ECC. Utafiti wa 2009 kwenye seva za Google uligundua kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilipata kosa la kusahihishika ndani ya mwaka mmoja. Kwa anayecheza muziki, biti moja ni kelele isiyosikika. Kwa seva ya sacco, matokeo ya mitihani ya shule au rekodi za zahanati, biti moja inaweza kugeuza salio la mtu, na hakuna atakayejua.

Hakikisha ECC inafanya kazi, usiridhike kwamba vipande vimo:

sudo dmidecode -t memory

Tafuta Error Correction Type. Inapaswa kusema Single-bit ECC au Multi-bit ECC. Kisha linganisha Total Width na Data Width: 72 na 64 maana yake ECC ipo, 64 na 64 hakuna ECC. Kwenye Windows fungua PowerShell:

Get-CimInstance Win32_PhysicalMemoryArray | Select MemoryErrorCorrection

Jibu la 5 au 6 ni ECC, 3 ni hakuna.

RAM za mtumba hununuliwa vibaya kila siku. Kuna ECC zenye rejista, zenye herufi R kwenye lebo kama PC4-2133P-R, ambazo ndizo za Z440 na T5810. Na kuna ECC zisizo na rejista, zenye herufi E, ambazo ndizo za Z240 na E3. Zinaingia kwenye nafasi ileile lakini haziwaki zikibadilishwa, wala hazichanganyiki. RAM yenye rejista haiwaki pia kwenye kompyuta ya kawaida.

Acha MemTest86 izunguke mara nne, hata kama ni kuiacha dukani usiku. Kwenye mashine ya ECC usitazame makosa tu. Tazama pia idadi ya makosa yaliyosahihishwa, kwa sababu RAM mbovu inaweza kufaulu jaribio huku ECC ikiifichia aibu.

Madabodi mpya za bei nafuu za X99 zinazouzwa mtandaoni pamoja na E5 zina prosesa ileile, lakini nyingi zimefungwa chipseti zilizobanduliwa kwenye bodi kuukuu, na BIOS yake haina wa kuisasisha. Unapata kori, hupati uimara.

Stima na UPS

Pima wati mashine ikiwa imetulia, na tena ikiwa kwenye stress-ng. Tuseme Xeon inakula wati 60 zaidi ya Core kwa saa 10, siku 26 za mwezi: hizo ni yuniti 15.6. Zidisha kwa bei iliyo kwenye risiti yako ya tokeni. Kwa shilingi 30 ni 468 kila mwezi, na kwa maabara ya mashine kumi ni 4,680. Inasikitisha shule ikilipa hivyo ili wanafunzi waandike kwenye Word.

UPS ndogo ya VA 650 hubeba wati mia tatu na kitu tu. Vilevile, pawasaplai nzuri za mashine hizi hazipatani na baadhi ya UPS zinazotoa wimbi la ngazi: stima ikipotea, UPS inabadili na mashine inazima papo hapo. Jaribu kwa kuchomoa UPS ukutani mashine ikiwa kwenye mzigo kamili, faili zote zikiwa zimehifadhiwa. Magharibi mwa Kenya radi ni za kawaida jioni, kwa hiyo chomoa na waya wa mtandao, si wa stima peke yake. Na ujue mapema kwamba pawasaplai ya Z440 au T5810 haina plagi za kawaida. Ikiungua, ya dukani haitaingia. Uliza bei ya nyingine kabla ya kununua mashine.

Ya kuchukua

Uhasibu, ofisi, AutoCAD na video: Core ya kizazi cha 8 kwenda juu, ikiwezekana i5-12400 yenye grafiki. Seva ya kumbukumbu inayowaka mchana na usiku: Z240 au nyingine ya E3 yenye ECC inatosha, na hula stima kidogo. Picha za Blender, kompyuta pepe, au RAM ya 128GB kwa bei ya mtumba: E5-2680 v4 yenye vipande vinne na kadi ya grafiki. E5-1620 ya aina yoyote usiilipie zaidi ya kompyuta ya ofisi.

Baada ya kununua, angalia kumbukumbu za makosa kila mwezi. Kwenye Windows fungua Event Viewer, sehemu ya System, utafute WHEA-Logger. Namba 19 ni kosa la prosesa lililosahihishwa, 47 ni la RAM, 18 ni kosa la kuangusha mashine, na ukiiona 18 nakili data siku hiyohiyo. Kwenye Linux sakinisha rasdaemon, inayorekodi makosa ya mashine, kisha:

sudo ras-mc-ctl --error-count

Kosa moja kwa miezi mingi liache. Namba inayopanda kwenye kipande kilekile inataka hatua: hamishia kipande hicho kwenye nafasi nyingine, ungoje wiki. Makosa yakikifuata, kibadilishe. Yakibaki kwenye nafasi ya zamani, toa prosesa, safisha vidoti vyake kwa spiriti, kagua pini za soketi na uirudishe, kwa sababu kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa yenyewe.